Mkulima wa Dodoma anapata hela mara moja kwa mwaka, nyie mnamdai kila mwezi!

Kuna hii hoja kwamba vijijini kuna soko kubwa, eti watu wa kipato kidogo ni wengi, wauzie kidogo kidogo utatajirika. Ilivuma sana tangu Profesa C.K. Prahalad alipotoa kitabu chake mwaka 2004. Mimi nimeishia fomu foo tu, lakini nikiwa hapa Kikuyu, Dodoma, naona wengi wanapigia hesabu ukubwa wa malipo halafu wanasahau kalenda.

Chukulia sola za mkopo. Vodacom walipoleta M-Pesa nchini mwaka 2008, kukusanya hela ndogo kutoka mbali kukawa rahisi. Zikaja kampuni kama Mobisol ya Ujerumani: unatanguliza kiasi, unafungiwa mtambo, unalipa kwa simu mpaka deni liishe. Usipolipa, unazimwa. Biashara nzuri kwenye karatasi, ila mwaka 2019 Mobisol ikafilisika, ikachukuliwa na Engie ya Ufaransa. Kampuni haianguki kwa sababu moja, lakini kumfuata kila mteja kijijini ni gharama, na siku hizi REA wanamfikia kwa shilingi 27,000 ya kuunganishiwa umeme.

Sasa njooni kwetu. Mvua ni moja tu, Desemba mpaka Aprili. Uwele, mtama, karanga na alizeti vinavunwa kuanzia Mei hivi. Hela ipo hapo. Ikifika Januari, wakati wa kifuku, mtu anatafuta mbegu na chakula. Mwenye zabibu ana nafuu, anavuna mara mbili.

Bibi yangu alichukua sola kwa kampuni nyingine kabisa, jina naliacha. Tangu Julai alilipa vizuri, Januari ikazimwa, Machi wakaja kuing'oa. Wakamwita mdaiwa sugu! Mwezi huo huo Mangi wa dukani kijijini alikuwa anamkopesha sukari na sabuni, anaandika kwenye daftari. Juni bibi kauza karanga, kalipa lote. Mtu ni yule yule jamani.

Simsifii Mangi bure, bei yake iko juu na hakopeshi asiyemjua. Ila anajua lini mteja wake ana hela. Hicho ndicho kampuni kubwa zimekosa.

Kwa mtazamo wangu, biashara itakayodumu huku ni ile itakayopanga malipo makubwa wakati wa mavuno na madogo, au hata sifuri, wakati wa kifuku. Penye AMCOS hai, makato yafanyike mkulima akiuza. Najua mtasema mvua ikigoma je? Na mkulima akiuza kwa mlanguzi pembeni? Ni kweli, hatari ipo, na kampuni itahitaji mtaji wenye subira, sio mkopo unaodai marejesho kila mwezi. Mwenye mtaji wa haraka haraka lazima atamkaba mkulima Januari, apende asipende.

Kwa hiyo mwekezaji akija na mradi wake wa "kusaidia vijijini", muulizeni swali moja tu: Januari mnadai shilingi ngapi?

Nawasilisha.