Likizo ya Agosti ina riwaya zake

Kila shule zinapofungwa Agosti, vijana wa Msambweni na Ukunda hurudi nyumbani na vitabu vya mtihani. Riwaya ikiwamo huwa ni ile iliyoteuliwa kutahiniwa, nayo imeshakatwakatwa vipande vya maudhui, wahusika na tamathali. Nashikilia kwamba likizo ni wakati wa riwaya ambayo hakuna mwalimu atakayeiulizia swali, na kwamba kwetu Kwale zinazofaa kuanza nazo ni zile za Tanga na Unguja. Siku Njema ya Ken Walibora (1996) iliwahi kutahiniwa, na waliokariri majibu yake huenda hawakupata nafasi ya kumwonea huruma kijana anayetoka Tanga kuja Kenya kumsaka babake. Sadfa zake ni nyingi kupita kiasi, lakini Kiswahili chake kitamu hakikuachii. Vuta n'kuvute ya Adam Shafi (1999) naiweka juu zaidi. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee asiyempenda, anavunja ndoa na kuingia katika dunia ya Denge, mpinzani wa ukoloni. Shafi hahubiri, siasa inapenya kwenye mapenzi na hofu ya polisi. Aliyetazama filamu ya Amil Shivji ya 2021 asidhani amekimaliza kitabu. Kisha ipo Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994 iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Mwendo wake ni wa taratibu na unadai subira. Lakini Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la babake, anamfunza msomaji wa Shimoni jambo ambalo pango la watumwa pekee haliwezi kulieleza: utumwa ulikuwapo pia bila minyororo, sebuleni mwa tajiri mpole.

Atakayesema hizi si hadithi za Kwale ana hoja, maana riwaya za Kwale yenyewe tunazihitaji sana. Hata hivyo, Wadigo wako Lungalunga na wako Tanga, na ndoa, biashara na maulidi havijawahi kukomea mpakani. Wapo pia wazazi wanaoona riwaya isiyo ya mtihani inampotezea mtoto muda. Hao naomba watazame insha za watoto wao: methali zilizokaririwa huchomekwa popote, kwa sababu mwandishi hajaziona zikifanya kazi ndani ya kisa kirefu. Pingamizi zito ni bei, na hilo si la kumbebesha mzazi peke yake. Kaunti ya Kwale ilijijengea jina kwa ufadhili wa masomo wa Elimu ni Sasa. Fungu dogo likitengwa kununua nakala za riwaya, na shule zikakubali wanafunzi waende nazo nyumbani badala ya kuzifungia kabatini likizo nzima, kitabu kimoja kitasomwa na nyumba kadhaa kabla ya muhula wa tatu kufunguliwa.