Afya ya Mnyonge Si Fadhila ya Mkubwa



Mnamo 1965, serikali changa ya Kenya, iliyokuwa imetangaza vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini, iliwaondolea ada wagonjwa wasiolazwa katika hospitali za umma. Tarehe 1 Desemba 1989 ada ikarudishwa, ikabatizwa jina la "kuchangia gharama". Wagonjwa wakapungua ghafla zahanatini, si kwa kuwa wamepona, bali kwa kuwa hawakuwa na shilingi. Septemba 1990 ada ikasimamishwa. Kuanzia 1992 ikarejeshwa. 2013 ikafutwa tena katika zahanati na vituo vya afya.

Hivyo ndivyo matibabu ya mnyonge yalivyofanywa fadhila, ikitolewa leo na kunyang'anywa kesho kwa tamko la mkubwa.

Katiba ya 2010 ilikusudia kuukomesha mchezo huo. Kifungu cha 43 chaitaja afya kuwa haki ya kila mtu, na chakataza yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Haki haiombwi kwa magoti.

Lakini bima mpya ya afya ilipoanza Oktoba 2024, kanuni zake zilimtaka mkulima asiye na mshahara alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, usiopungua shilingi 300 kwa kila mwezi. Hizo ni shilingi 3,600 kabla ya kulazwa! Mfugaji wa Turkana aliyepoteza mbuzi wake kwa ukame azitoe wapi? Msamaria Mwema hakumwuliza majeruhi kama amelipa mchango wa mwaka.

Watetezi wa bima watajibu kwamba zahanati haitozi kitu. Naam, lakini zahanati isiyo na dawa humpa mgonjwa karatasi aende dukani. Hiyo nayo ni ada, ila haina risiti.

Wala tusiambiwe kwamba huu ni mzigo mpya. Huko Abuja, Aprili 2001, viongozi wa Afrika waliahidi kuitengea afya asilimia 15 ya bajeti. Ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Enyi waumini, harambee ya kumtoa mgonjwa mmoja hospitalini ni upendo, lakini haiwi badala ya haki. Bajeti ya kaunti inapoletwa mbele ya umma, fikeni. Ulizeni: zahanati yetu imetengewa fedha ngapi za dawa, na dawa zitafika lini? Yaandikeni majibu. Na mwakilishi asiyejibu akumbushwe siku ya kura.