Nimekuta Kitu Mfukoni mwa Mwanangu

Mwezi huu naweka kando habari ya kuhifadhi mboga niliyowaahidi, kwa sababu nimepata barua ambayo siwezi kuiacha ikae mezani.

Imetoka kwa mama mmoja wa Morogoro, mwenye watoto wanne. Jumamosi moja asubuhi alikuwa akifua, na kama ilivyo desturi yake akapekua mifuko kabla ya kuloweka. (Kwa nini kijana wa miaka 16 bado anafuliwa suruali na mama yake, hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.) Katika suruali ya shule ya mwanawe wa pili akakuta karatasi iliyosokotwa kama sigara, ndani yake majani makavu yenye harufu kali. Anasema aliketi chini pale pale kando ya beseni. Kisha akauficha ule msokoto ndani ya kopo tupu la majani ya chai, na siku anayoandika ilikuwa ya tisa, hajamwambia mtu. Anauliza mambo mawili: je, ni bangi kweli? Na je, amwambie baba yake mtoto? "Nikimwambia," anasema, "atamfukuza nyumbani usiku huo huo."

Mama, kwa jinsi ulivyoeleza, inaelekea ni bangi. Lakini kabla sijaendelea, niruhusu nikusimulie jambo ambalo sijawahi kuliandika katika ukurasa huu.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa naishi na mtoto wa dada yangu, aliyekuja kwangu kusoma sekondari. Alikuwa kijana mtulivu, wa kwanza kuamka, anachota maji bila kutumwa. Alipoingia kidato cha tatu akabadilika. Akawa anarudi na giza. Macho mekundu, yanatoka machozi, asubuhi hawezi hata kuyafumbua vizuri. Anakula kidogo, analala. Nikimwuliza alikuwa wapi, jibu ni moja: "Tulikuwa tunajisomea, mama mdogo." Siku moja nikapekua begi lake, nikakuta fedha ndani ya soksi. Mimi sikumpa, na mama yake hakutuma.

Basi nikajua. Sikuuliza, nilijua tu. Usiku ule ule, mbele ya wageni waliokuwa wamekuja kutuona, nikamwita mvuta bangi na mwizi. Akainamisha kichwa, hakujibu neno, nami nikauchukua ukimya wake kuwa ushahidi. Siku ya tatu nikampandisha basi la Singida arudi kwa mama yake.

Baada ya wiki mbili akaja fundi wa kuchomelea vyuma wa mtaa wa pili, kuuliza mbona kijana wake haonekani. Kumbe kila jioni baada ya shule alikuwa akimsaidia kutengeneza mageti na madirisha, tena bila miwani. Wanaoijua kazi ile wanajua mwanga wake unavyounguza macho. Usiku yanawasha kana kwamba yamejaa mchanga. Zile fedha zilikuwa za kibarua. Alikuwa anakusanya za viatu, na alinificha kwa sababu nilikuwa nimepiga marufuku vibarua hadi amalize shule. Uongo ulikuwepo, siwezi kukataa. Bangi haikuwepo.

Alipoteza mwaka ule wa masomo. Leo ni mtu mzima, ana karakana yake na watoto wake. Tukikutana misibani ananiamkia kwa heshima zote. Kwangu hajalala tena hata usiku mmoja.

Kwa hiyo mtu akinipa orodha ya dalili, naipokea kwa tahadhari. Dalili zipo, na ni vizuri kila mama azijue. Aliyevuta bangi aghalabu macho huwa mekundu, hucheka pasipo la kuchekesha, hushikwa na njaa isiyo ya kawaida, husahau alichoambiwa sasa hivi, na nguo zake hunuka. Anayetumia unga, yaani heroini, husinzia akiwa ameketi, hujikuna, na mboni za macho yake huwa ndogo mno hata gizani. Akiukosa hushikwa na arosto: mafua, miayo, tumbo kukata, viungo kuuma, hana raha alale wala aketi. Wa mirungi hakosi maneno wala hapati usingizi, na chakula hakitaki. Wa gundi na petroli hunuka vitu hivyo, na pengine ana vipele kuzunguka mdomo. Tena siku hizi msiangalie majani na unga peke yake. Kuna vidonge vikali vya maumivu kama tramado, kuna vidonge vya usingizi, kuna dawa za kikohozi zenye kodeini. Hivi havinuki, na pengine vimetoka katika droo yako mwenyewe.

Lakini macho mekundu ni ya ugonjwa wa macho pia. Usingizi mwingi ni wa umri ule, au wa upungufu wa damu. Kujifungia chumbani na kushuka darasani huweza kuwa huzuni nzito, au jambo baya alilofanyiwa na mtu mzima ambalo hajui alitamkeje. Dalili inakupa sababu ya kuuliza, basi. Kupitisha hukumu ni jambo jingine.

Sasa, mama wa Morogoro, wewe una zaidi ya dalili, una kitu chenyewe. Kwanza kitoe katika lile kopo ukitupe chooni. Kukaa nacho ndani ni kosa kisheria, na ukiendelea kukitunza utakuwa unakitunza kama fimbo ya kumpigia mwanao siku utakapokasirika. Wala usikipeleke polisi kwa nia ya "kumtisha kidogo." Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 haina mchezo na bangi, na jambo likishafika kituoni si wewe tena utakayeamua liishe lini.

Pili, kuhusu baba yake. Mwambie. Najua nyumba moja ambapo mama alificha miaka mitatu. Redio ikipotea alisema ni wezi, saa ikipotea alisema ameipeleka kwa fundi, akauza vitenge vyake kulipa madeni ya kijana. Siku baba alipojua aliwakasirikia wawili, akaacha kumwamini hata yule asiyevuta. Lakini mwambie kwa kuchagua saa. Si wakati ametoka kazini na njaa, wala si watoto wakiwa sebuleni. Mwombe jambo moja tu kabla hujafungua mdomo: kwamba kwa siku mbili hatanyanyua mkono wala kumfukuza mtu. Kama unamjua mumeo kuwa ahadi hiyo hataiweza, usiende peke yako. Tafuta mtu anayemheshimu, kaka yake mkubwa au mzee wa kanisa mwenye kifua, aketi nanyi. Mtoto aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu ya msokoto mmoja atalala kwa wale wale waliompa, na pale ataonyeshwa mengine.

Nimesema mwenye kifua. Ndugu zangu, tusidanganyane, ombi la maombi tunalopeleka kwenye kikundi Alhamisi, Jumapili limefika sokoni. Omba nyumbani kwako. Mlinde mwanao asije akanyooshewa kidole na mtaa mzima kabla hata hajaulizwa.

Tatu ni kuzungumza naye, na hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Usimngoje mlangoni saa nne usiku. Kama amelewa au amevuta, hasikii, na wewe una hasira. Mwache alale, angalia tu kama anapumua vizuri. Subiri kesho, mkiwa wawili, na mikono iwe na kazi: mnachambua mchele, mnapalilia, mnatembea kwenda dukani. Vijana husema zaidi wasipotazamwa usoni. Anza na ulichokiona kwa macho yako, usiongeze chumvi: "Mwanangu, nilipokuwa nafua nilikuta msokoto katika suruali yako. Nimeogopa. Naomba uniambie." Kisha nyamaza. Nyamaza kweli, mama, hata kama ni dakika tano na mchele umekwisha kuchambuliwa.

Atasema, "Ni wa rafiki yangu." Watoto wote husema hivyo, na wapo wanaosema kweli. Usimwite mwongo. Mwambie inawezekana, lakini mfukoni ulikuwa mwako, na unataka kujua ulifikaje. Ukishapata mlango huo, uliza taratibu: ni mara ngapi, na nani, wapi, fedha unapata wapi, na unapovuta unajisikiaje? Swali hilo la mwisho lisikuponyoke. Kijana aliyejaribu mara mbili kwa kutaka kuonekana mwanaume na kijana anayevuta kila siku ili apate usingizi hawana ugonjwa mmoja, wala hawatatibiwa kwa dawa moja. Na akikuomba usimwambie baba, usiahidi. Mwambie baba anajua na ameahidi kusikiliza.

Mweleze pia ukweli, bila kumwambia kuwa atakuwa kichaa kesho, maana anawajua wanaovuta ambao si vichaa, na utapoteza heshima ya maneno yako yote. Ubongo wa mtu huendelea kukomaa hadi kufikia miaka 25 hivi. Anayeanza bangi mapema na kuitumia mara kwa mara huongeza hatari ya kuchanganyikiwa akili, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kama katika ukoo wenu yupo aliyewahi kuugua hivyo. Hilo linatosha, na ni kweli.

Wapo watakaokushauri umpime mkojo kwa siri. Mimi sikubaliani nao. Mbali na kuvunja imani, kipimo kinaweza kukudanganya: bangi huonekana kwa siku kadhaa, na kwa mzoefu hata wiki kadhaa, ilhali unga hutoweka ndani ya siku chache. Kama kipimo kinahitajika, kifanyike hospitali naye akijua.

Na hospitali si aibu. Nendeni kwenye kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, mwelezeni daktari yote. Kwa walionaswa na heroini iko tiba ya methadoni, iliyoanza Muhimbili mwaka 2011 na baadaye kufika hospitali nyingine za Dar es Salaam na za mikoani. Hiyo ni dawa ya heroini na jamii yake, haitibu bangi. Bangi hutibiwa zaidi kwa mazungumzo na ufuatiliaji. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, ambako vijana huishi pamoja miezi kadhaa. Ukifikiria kumpeleka huko, nenda kwanza ukaone. Uliza ni daktari gani anayefika, uliza wanafanya nini kijana akikataa kutii. Wakikuambia minyororo au viboko, rudi naye nyumbani.

Jambo la kumfungia chumbani hadi "yaishe mwilini" liacheni kabisa. Aliyezoea pombe kwa muda mrefu au vidonge vya usingizi akikatishwa ghafla anaweza kushikwa na degedege na hata kufa. Na aliyekaa wiki kadhaa bila unga, akiurudia kwa kipimo kile kile cha zamani, mwili haukimudu tena. Ukimkuta mtoto amelala haamshiki, anapumua polepole kama anayekoroma, midomo imegeuka rangi, usimnyweshe maziwa wala maji. Mlaze ubavu, tafuta gari mara moja, na hospitalini sema wazi unadhani ametumia nini. Hapo sio mahali pa kulinda jina la familia.

Nilimjibu mama huyo kwa barua kwanza, maana gazeti huchukua muda kufika. Kabla ukurasa huu haujaenda kuchapwa, amenijibu. Alimweleza mumewe akiwa na shemeji yake mkubwa. Baba alitoka nje, akakaa chini ya mwembe hadi usiku, akaingia bila kusema kitu. Kesho yake mama na mwana walikwenda shambani pamoja. Kijana alianza na yule rafiki, kisha akanyamaza, kisha akasema amevuta tangu likizo ya mwezi wa 6, mara nyingi siku za Ijumaa, na kwamba anayewauzia yuko karibu na shule. Wameshakwenda hospitali mara moja. Jumanne iliyofuata alikataa kwenda, akasema yeye si mgonjwa. Baba bado hamwiti kwa jina, anasema "huyo mwanao." Lakini mezani wanakula wote.

Mwisho ananiuliza, je, aendelee kupekua mifuko wakati wa kufua?

Hapana, mama. Mwambie kuanzia Jumamosi hii atoe vitu mfukoni mwenyewe kabla hajaleta suruali kwenye beseni. Na ukiweza, mwachie na sabuni.