Hadubini Nayo Ihakikiwe Kama Mizani

Mizani ya muuza nyama nchini Tanzania hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kutiwa alama, ili mnunuzi aamini kwamba kilo anayoilipia ni kilo kweli. Hadubini ya maabara nayo ni chombo cha kupimia, lakini ni nadra daktari au mgonjwa kuuliza iwapo kipimo chake kimehakikiwa.

Swali hilo lina uzito. Katika sampuli ya choo huweza kuonekana vifuko vya amiba wawili wanaofanana mno: Entamoeba histolytica, awezaye kusababisha kuhara damu na jipu la ini, na Entamoeba hartmanni, asiye na madhara. Vifuko vya wote wawili, vikikomaa, huwa na viini vinne. Kinachowatenganisha ni ukubwa: vya hartmanni huwa chini ya mikromita 10; vya histolytica, kwa kawaida, huwa kati ya 12 na 15.

Ndani ya lenzi ya jicho huwekwa kioo chenye vigawanyo. Vigawanyo hivyo havina thamani hadi vilinganishwe na rula ya kioo inayowekwa mahali pa sampuli, yenye milimita 1 iliyogawanywa sehemu 100, kila sehemu ikiwa mikromita 10. Vigawanyo 40 vikilingana na sehemu 10 za rula, kila kigawanyo ni mikromita 2.5. Lenzi ikibadilishwa, thamani hiyo nayo huweza kubadilika. Ikiwa sasa ni 1.8 na maabara inaendelea kutumia 2.5, kifuko kinachojaza vigawanyo 5, ambacho kwa hakika ni mikromita 9, kitaandikwa 12.5. Mgonjwa atapewa metronidazole asiyoihitaji, na chanzo halisi cha kuhara kwake kitabaki bila kutafutwa.

Kamera na kompyuta hazikuondoa hatari hii. Programu ikiachwa kwenye lenzi ya kukuza mara 10 ilhali picha imepigwa kwa lenzi ya mara 40, kila kipimo kitakuzwa mara nne, tena kwa tarakimu nadhifu zisizotiliwa shaka.

Wapo wanaosema kwamba jicho lenye uzoefu latosha. Uzoefu hutambua umbo; hapa umbo ni lilelile. Wengine hukumbusha kwamba Entamoeba dispar, asiye na madhara, hulingana na histolytica hata kwa ukubwa. Ni kweli, na kumtambua huhitaji vipimo vya aina nyingine. Lakini shaka isiyoondoleka kwa rula haihalalishi kuacha ile inayoondoleka. Kazi yenyewe huchukua dakika chache, na rula moja huweza kuhudumia hadubini zote za maabara.

Kwa hiyo, kila lenzi ipewe thamani yake, iandikwe pamoja na tarehe na kubandikwa kando ya hadubini. Uhakiki urudiwe kila lenzi au kamera inapobadilishwa, na kila kifaa kinaporudi kutoka matengenezoni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Usahihi nao ni vivyo hivyo. Daktari anayepokea majibu aulize tarehe hiyo, na mgonjwa anayeuliza asionekane mkorofi. Anadai kile anachokipata kwa muuza nyama.