Nyumba za Chokaa Zisizikwe kwa Saruji

Huko Uingereza, katika mji wa Bristol, kuna kijiji kiitwacho Blaise Hamlet. Ni nyumba ndogo 9 zilizokamilika mwaka 1811 kwa ramani ya John Nash, ili wakae watumishi wazee wa tajiri mwenye shamba. Si kasri wala ngome. Hata hivyo, tangu mwaka 1943 zi chini ya ulinzi wa jumuiya ya National Trust, na watu wangali wakiishi humo.

Hatulitaji jambo hili ili kuwasifu Waingereza. Twalitaja kwa kuwa nasi tuna nyumba zetu Malindi, Mambrui na Takaungu: kuta nene za mawe ya matumbawe, boriti za mikoko, vidaka ukutani na baraza la kupokelea wageni.

Gedi ina mlinzi. James Kirkman alianza kuichimba mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliitia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nyumba ya Nguzo pale Malindi imefanywa makumbusho. Lakini nyumba ambayo bado watu wanapika, wanalala na kusali ndani yake, mlinzi wake ni nani? Ni mwenyewe.

Na mwenyewe, kwa nia njema, mara nyingi huidhuru. Ukuta ukimomonyoka, huita fundi aupige lipu ya saruji. Chokaa hupumua, unyevu wenye chumvi hupita ukatoka nje. Saruji huufungia ndani. Baada ya miaka michache jiwe huwa unga, ncha za boriti huoza, na dari huanguka. Kisha husemwa kwamba nyumba za kale hazifai.

Maradhi ya pili ni mirathi. Nyumba ya warithi wengi haina wa kuitengeneza. Kila mmoja humngoja mwenziwe, mpaka inauzwa kiwanja.

Rai yetu ni hii. Warithi wakae, wakubaliane juu ya fungu la matengenezo kabla mvua ya masika haijawakuta. Serikali ya Kaunti ya Kilifi na vyuo vya ufundi wawatafute mafundi wazee wa chokaa, wawape vijana wa kuwafundisha. Fundi akifa na ujuzi wake, hakuna duka litakalotuuzia mwingine.