Herufi 45 za Vumbi

Pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis. Kama ulisoma sekondari huku kwetu, huenda ulikuwa na mwenzako aliyeweza kulitamka neno hilo kwa pumzi moja, darasa zima likampigia makofi. Sisi tulikuwa naye. Sikumbuki hata siku moja mtu akimuuliza lina maana gani. Lilikuwa neno refu kuliko yote ya Kiingereza, basi, na aliyelijua alionekana anakijua Kiingereza.

Mchezo wenyewe sina ugomvi nao. Nasoma isimu, shahada ya uzamili, na mwanaisimu asiyependa kuchezea herufi ni sawa na mvuvi anayechukia maji. Nafurahi kujua kwamba abstemious na facetious yana irabu zote tano, tena kwa mpangilio ule ule wa a, e, i, o, u: la kwanza ni mtu anayejizuia katika kula na kunywa, la pili ni mtu wa mzaha pasipo mahali pake. Uncopyrightable lina herufi 15 na hakuna iliyojirudia. Strengths lina herufi tisa na irabu moja tu, maskini, imebeba mzigo wote peke yake. Haya ni raha ya jioni.

Ninachokipinga ni pale mchezo unapogeuzwa mizani ya kupimia akili za watu. Katika semina zetu mtu akieleza jambo kwa maneno mafupi anaulizwa kama kweli amesoma nadharia. Akisimama mwingine akamwaga ung'eng'e wenye silabi saba saba, vichwa vinatikisika kukubali, na wenye vichwa hivyo wakitoka nje wanaulizana: alisema nini yule?

Chukua floccinaucinihilipilification. Herufi 29, i zimo tisa, e hakuna hata moja. Limeunganishwa kwa maneno manne ya Kilatini yanayoashiria kitu kisicho na thamani (hilo pili lililomo ndani halihusiani na pili yetu, ni unywele), na mshairi Mwingereza William Shenstone alilitumia kwenye barua mwaka 1741. Maana yake? Kukiona kitu hakina thamani. Sisi tuna kubeza, herufi sita, na bibi yangu analitumia kila siku bila kuhitaji Kilatini.

Wala msinielewe kwamba naogopa urefu. Mtoto wa miaka minne pale Tanga anasema hawajatuletea, herufi 13, huku anachezea mchanga. Ndani yake kuna kukanusha, kuna watu, kuna jambo lisilotimia bado, kuna sisi, kuna kuleta, kuna kufanyiwa. Kila kipande kinafanya kazi na mtoto anakijua kila kipande. Akitaka atasema hawajatuleteleza tumsahihishe, maana anajaribu kujenga. Neno letu refu linafunguka kwa kila anayeongea Kiswahili. Lile la darasani linafunguka kwa aliyesoma Kigiriki na Kilatini tu, na hata Mwingereza wa kawaida amesimama nje ya mlango huo pamoja nasi.

Basi tulifungue. Pafu, dogo kupita darubini, silika (si silika ya mtu, ni ile ya mchanga na mawe), volkano, vumbi. Ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kuvuta vumbi laini sana la silika. Madaktari hawalihitaji, wanasema silikosisi. Neno refu lilitokea mwaka 1935 huko New York, kwenye mkutano wa chama cha wapenzi wa mafumbo, na aliyelitoa, Everett M. Smith, alikuwa rais wa chama hicho. Lilitungwa liwe refu. Magazeti yakacheka, kamusi zikalipokea.

Sasa tazama mwaka huo. Mwaka 1930 na 1931, katika jimbo la West Virginia, hapo hapo Marekani, vibarua walitoboa handaki la Hawks Nest kupitia mwamba uliojaa silika. Wengi walikuwa Weusi waliotoka majimbo ya kusini kutafuta kazi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Waliutoboa ukiwa mkavu, bila barakoa. Walikufa kwa mamia, na Januari 1936 Bunge la Marekani likawa linasikiliza ushahidi wa vifo hivyo. Vumbi lile lilitoka kwenye keekee za kampuni. Halafu neno linaloshangiliwa na dunia nzima linataja volkano, kana kwamba mlima ndio uliowaua.

Mwenzangu mmoja wa semina anasema natia siasa kwenye chemshabongo. Namwambia atazame Afrika Kusini, ambako mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha fidia ya takriban randi bilioni 5 kwa wachimbaji wa dhahabu waliougua silikosisi na kifua kikuu, na kwa familia za waliokufa. Migodi ile ilichukua vijana wa Lesotho, Msumbiji na Malawi kwa miongo mingi. Ugonjwa huo hauna tiba, lakini namna ya kuuzuia ilijulikana zamani: mwamba uloweshwe kabla ya kutobolewa, hewa ipite, mtu avae barakoa. Hayo yanaelezeka kwa Kisotho, kwa Kichewa, kwa Kiswahili, kwa dakika tano, kwa mtu ambaye hakumaliza darasa la nne.

Tulikaa miaka sita sekondari tukilipigia neno hilo makofi. Somo la baiolojia lilikuwa chumba kile kile, saa iliyofuata, na vumbi la mawe halikutajwa kabisa.