Ukishahitimu chuo, je, maktaba inabaki yako?

Kila mwaka, kati ya Oktoba na Desemba, vyuo vikuu vyetu vingi hufanya mahafali. Kijijini habari hufika kwa picha ya simu: kijana amevaa joho, mama yake yuko pembeni ameshika maua ya plastiki. Ng'ombe aliyeuzwa, michango ya ukoo na mkopo wa Bodi vimo vyote ndani ya picha hiyo. Miezi michache baadaye kijana yuko nyumbani anasubiri tangazo la ajira, na majirani wameanza kumuuliza. Mahindi yametobolewa majani, wewe si ulisomea kilimo?

Msikilizaji wetu mmoja alituandikia akiwa katika hali hiyo. Alifungua simu, akaingia kwenye ukurasa wa maktaba ya chuo chake, akaandika neno la siri alilolitumia miaka yote ya masomo. Jibu likaja kwamba akaunti hiyo haipo. Alitaka kujua kama mtu akishahitimu maktaba inakoma kuwa yake, na kama ndivyo, afanye nini yeye na shamba la baba yake.

Tumelifuatilia swali lake kwa sababu halimhusu yeye peke yake. Linahusu pia wale waliomchangia.

Mlango unafungwa kwa nini?

Maktaba ya chuo kikuu ni maktaba mbili. Ya kwanza ni jengo, lenye vitabu na viti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina jengo jipya lililofunguliwa Novemba 2018, lililojengwa kwa msaada wa China, ambalo linaweza kukaliwa na watu 2,100 kwa wakati mmoja. Jengo la namna hiyo halimkimbii mhitimu. Vyuo kadhaa humruhusu kuingia kama mgeni akionyesha kitambulisho, pengine kwa ada. Piga simu kwanza kabla ya kulipa nauli, maana taratibu za vyuo hazifanani.

Maktaba ya pili haionekani kwa macho. Ni majarida ya kisayansi yanayosomwa kwa intaneti, na hayo chuo hakiyanunui kama unavyonunua kitabu dukani. Chuo hupanga tu, kama mtu anavyopanga chumba. Mkataba hutaja watakaoyatumia, yaani wanafunzi waliosajiliwa na wafanyakazi. Ukishavua joho, umetoka kwenye hesabu hiyo. Hata vyuo na taasisi za utafiti za Tanzania zilizoungana chini ya COTUL ili kugawana gharama zinabanwa na masharti ya wachapishaji. Kwa hiyo mkutubi anayekwambia akaunti imefungwa hakuonei. Naye amefungwa na karatasi aliyosaini mwajiri wake.

Sasa kuna jambo ambalo halisemwi sana. Tangu miaka ya 2000 mwanzoni wachapishaji wakubwa duniani wamekubali kuzifungulia nchi za kipato cha chini majarida yao, ama bure ama kwa bei ndogo sana. Mpango wa afya, Hinari, ulianza 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani. Wa kilimo, Agora, ulifuata 2003 chini ya FAO. Leo mipango hiyo na mingine imewekwa pamoja kwa jina la Research4Life. Sharti lake ni kwamba anayesajiliwa ni taasisi, si mtu binafsi. Lakini taasisi si lazima iwe chuo. Hospitali inaweza kuomba, na vivyo hivyo ofisi ya serikali, kituo cha ugani au shirika lisilo la faida.

Tafsiri yake kwa mtu wa wilayani ni nzito. Muuguzi aliyehitimu na kupangiwa hospitali ya wilaya anaweza kusoma majarida yale yale aliyoyasoma chuoni, mradi hospitali yake imejisajili. Afisa kilimo anaweza kusoma ya kwake kupitia ofisi yake. Sisi tunaona kosa kubwa liko hapa, kuliko kule kwenye akaunti iliyofungwa. Tunawapeleka wahitimu kwenye kata wakiwa na pikipiki, na pengine bila pikipiki, halafu hakuna anayejiuliza watasoma nini miaka kumi ijayo. Kama una mwanao au ndugu ofisini, mwulize kama ofisi yake imesajiliwa. Maombi hufanyika kwa intaneti.

Yaliyo wazi bila neno la siri

Wakati huo huo, mengi yako wazi. Vyuo vikuu vya umma vimeweka tasnifu za wanafunzi wao na makala za walimu wao kwenye hifadhi za intaneti ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kina hifadhi kama hiyo, na maktaba yake ndiyo maktaba ya taifa ya kilimo, kwa hiyo kazi yake haiishii kwa wanafunzi wa Morogoro. Ina pia mkusanyo uitwao Mkulima, wenye vipeperushi na vijitabu vya ugani, vingi vikiwa kwa Kiswahili. Kwa ukulima wa kawaida tungeanzia hapo kabla ya jarida lolote la Ulaya.

Kuna pia AJOL, mtandao wenye makao Afrika Kusini unaokusanya majarida ya Afrika. Humo utakuta jarida la sayansi ya kilimo la Tanzania, na mwalimu wa Kiswahili wa sekondari atakuta Kioo cha Lugha. Makala nyingi hupakuliwa bure. Na JSTOR, ghala kubwa la majarida la Marekani, humruhusu mtu yeyote kufungua akaunti yake binafsi na kusoma hadi makala 100 kwa mwezi bila malipo, ingawa huzisoma palepale mtandaoni.

Ukitafuta, tumia jina la kisayansi. Chukua viwavijeshi vamizi, ambao waliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza 2016 na kuthibitishwa Tanzania mwaka uliofuata. Ukiandika tu "wadudu wa mahindi", utaletewa matangazo ya dawa. Ukiandika Spodoptera frugiperda na neno Tanzania, utaletewa tafiti. Soma ikisiri kwanza. Ni aya moja, haili kifurushi, na mara nyingi inatosha kukwambia kama makala yenyewe ina faida kwako. Mafaili makubwa yaache mpaka siku ya gulio, ukiwa mjini penye mtandao mzuri. Makala ikiwa imefungwa, mwandikie mtafiti mwenyewe kwa anwani iliyo chini ya jina lake, ukimweleza wewe ni nani na unaihitaji kwa kazi gani. Wengi hufurahi kwamba kuna mtu amesoma, na hutuma nakala.

Tahadhari moja tunaiweka kwa mkazo. Utafiti uliofanyika Brazili au Kenya unaweza kutaja kiuatilifu ambacho hapa hakijasajiliwa. Usikimbilie duka la pembejeo na jina ulilolitoa kwenye simu. Mwonyeshe afisa ugani, angalia lebo, na kumbuka kwamba usajili wa viuatilifu uko mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.

Watu uliosoma nao

Makala haijibu swali la shamba lako hasa. Mtu hujibu. Ndiyo maana sehemu ya pili ya urithi wa chuo, yaani wahitimu wenzako, kwa maoni yetu ina thamani kuliko ya kwanza, na ndiyo inayotumika vibaya zaidi.

Kirasmi, vyuo kadhaa vya umma vina chombo cha wahitimu kiitwacho Baraza la Masajili. Jina linatisha kidogo, utadhani ni mahakama. Kazi yake ni kuwaunganisha waliosoma hapo na kuwapa sauti katika mambo ya chuo. Wengi husikia habari zake siku ya mahafali na hawaisikii tena, kwa sababu namba ya simu waliyoiacha chuoni ilishakufa. Hakikisha chuo kina namba unayoitumia sasa. Kina dada walioolewa na kubadili jina wana shida ya ziada, maana wanaandikwa kwa jina moja na kutafutwa kwa jingine. Peleka taarifa mapema, itakusaidia pia siku ya kuhakiki vyeti.

Kisichokuwa rasmi ni grupu la WhatsApp la darasa. Hapa tuseme ukweli: magrupu mengi ya darasa ni ya michango ya harusi na rambirambi. Si vibaya, ndivyo tulivyo. Lakini katika grupu hilo hilo la watu 80 huenda kuna mmoja aliye TARI Ilonga kwenye mahindi, mwingine Naliendele kwenye korosho, mwingine Ukiriguru kwenye pamba, mwingine ana duka la pembejeo Makambako. Maarifa yao yamelala pale, chini ya picha za keki, kwa sababu hakuna anayeuliza swali linalojibika.

"Jamani mahindi yanaharibika, nifanyeje" halijibiki. Eleza umepanda mbegu gani, lini, eneo la ukubwa gani, mvua imekuwaje, umeshapulizia nini. Piga picha tatu mchana penye mwanga: mmea mzima, jani lililotobolewa, na mdudu mwenyewe kwa karibu. Kiwavijeshi vamizi hutambulika kwa alama kama herufi Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyokaa mraba karibu na mkia. Picha inayoonyesha alama hizo humwokolea mtaalamu nusu ya kazi.

Grupu la wahitimu lina hatari yake pia. Tunaaminiana kwa kuwa tulikula kantini moja, na matapeli wanalijua hilo. Ukiona tangazo la nafasi ya kazi linalotaka utume "ada ya usaili" kwa namba ya simu, hata kama limetumwa na uliyelala naye bweni moja, mpigie umsikie sauti. Huenda simu yake imedukuliwa.

Na asiyesoma chuo?

Kuna wanaotuuliza kwa nini tunawahangaikia wahitimu wakati mkulima aliyeishia darasa la saba ndiye mwenye shamba. Swali hilo ni la haki, na ndilo linalotufanya tuone kwamba vyuo vya umma vina deni. Mikataba mingi ya majarida humruhusu mgeni kusoma akiwa ameketi ndani ya maktaba. Hilo lingetangazwa waziwazi, lingemfaa anayeishi karibu. Kwa wa Tandahimba au Kibondo halisaidii, kwa kuwa hakuna anayesafiri siku nzima kwenda kusoma makala moja.

Walio mbali wana maktaba za mikoa. Bodi ya huduma za maktaba iliundwa kwa sheria ya 1963, na Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru. Wazo la wakati ule lilikuwa kwamba kitabu kimfuate msomaji. Maktaba ya mkoa haiwezi kuwa na kila jarida, lakini ina mkutubi anayejua kutafuta, na huyo hakuulizi cheti chako.

Msikilizaji wetu alituandikia tena wiki mbili baadaye. Makala aliyoitaka hakuipata. Alipata tasnifu ya SUA yenye mada hiyo hiyo, akatuma picha zake tatu kwenye grupu la darasa, na usiku ule mwenzake mmoja akamjibu kwa sauti, dakika nne: aingie shambani asubuhi na mapema, apite mistari kwa kukatisha, ahesabu mimea yenye kinyesi kama unga wa mbao kwenye moyo wake, aviponde viwavi na mayai anayoyaona, na asinunue dawa yoyote kabla ya kuihesabu. Sauti ile aliipigia spika, baba yake akaisikiliza mara mbili, kisha akauliza huyo aliyeongea ni mtoto wa nani.